Mchuzi wa Warumi

Mimi niliacha shule darasa la sita, na leo niko na duka la hardware Machakos mjini na lingine Masii. Ukuta wa shule ya binti yangu ni simiti yangu. Ndiyo maana wazazi walinifanya mwenyekiti, na ndiyo maana walinijia mimi wakati kijana mmoja aliyetoka seminari alianza kufundisha gredi ya nane Kilatini na mambo ya Warumi. Nikasema wazi: siku ya wazazi nitaenda kuona, na nikiona upuzi, hicho Kilatini nakifunga hapo hapo.

Binti yangu alisikia. Anakipenda Kilatini, hata akiosha vyombo anakiimba. Jioni hiyo hakuimba.

Siku ikafika. Nikakuta watoto wamejifunga mashuka, wamelala kwa kiwiko juu ya mikeka, eti ndivyo matajiri wa Roma walikuwa wanakula. Mtu mzima, mwenye mali, kula akiwa amelala kama mgonjwa! Hiyo ningevumilia. Lakini mwalimu akaleta jerikeni. Ndani, matumbo ya samaki na chumvi, vimeachwa juani nyuma ya darasa mpaka vikayeyuka. Mchuzi wa Warumi, akasema, akitabasamu. Alipofungua, nzi walifika kabla ya harufu. Mimi nimezibua vyoo vya watu Kithimani nikitafuta mtaji, na sijawahi kunusa kitu kama kile. Tena kwetu tulikuwa tunaita samaki nyoka wa maji. Hakuingia kwa sufuria ya mama.

Binti yangu akachovya mkate, akaula bila kukunja uso. Akachovya mwingine, akaniletea.

"Baba, si wewe husema hakuna kitu kinakushinda?"

"Mwaitu," nikamwambia, yaani mama kwa Kikamba, maana ana jina la mama yangu, "hiki kimeoza."

"Kimeiva. Ama unaogopa?"

"Mwenyekiti ameshikwa leo!" mzazi mmoja akapiga kelele.

Nikaweka mdomoni. Ilikuwa kama kulamba sakafu ya bucha. Machozi yakanitoka, tumbo likapanda mpaka kooni. Binti yangu ananiangalia tu, amekamata shuka lake kwa mikono miwili.

Mwalimu, bila hata adabu ya kungoja nimeze, akauliza, "Mwenyekiti, Kilatini kiendelee ama tufunge?"

Nilikuwa na jibu, tena kali. Lakini ningefungua mdomo, kila kitu kingetua kwa viatu vya mwalimu mkuu, aliyesimama mbele yangu. Nikaitikia kwa kichwa. Wakaichukua kuwa kiendelee, wakapiga makofi, na binti yangu akanirukia shingoni akinuka samaki, nami nikaziba pumzi mpaka akaniachilia.