Babu Yangu wa Ujiji

Mjukuu wangu akianika dagaa uani, harufu ile hunirudisha Katonga, kwenye mchanga wa ufukweni, tulipokuwa watoto wa kufukuza kunguru. Majina ya wenzangu ninayo yote, ila wana wajukuu hapa mjini, acha niwasitiri.

Sisi tulivuka ziwa kukimbia vita. Wenzangu sikuwaambia. Niliwaambia kwetu ni Ujiji, tangu kwa babu yangu. Na ili wasinishuku, niliwatungia wimbo wa kuwacheka wakimbizi, nikauongoza mwenyewe kwa sauti ya kuwazidi wote:

Mkimbizi kaja na mkeka,
pa kuutandika hana.

Maneno yalikuwa yangu. Mahadhi niliyachukua kwenye wimbo ambao mama alimbembelezea mdogo wangu.

Siku moja mama akapita na beseni kichwani, akausikia. Nikatamani mchanga unimeze. Yeye akatua beseni, akainua mikono kama pembe za ng'ombe, akacheza taratibu kama wanavyocheza kwetu. Kisha akaongeza ubeti wake, kwa lafudhi ile ile niliyokuwa naificha:

Mkimbizi kaja na mkeka,
na binti yake ni huyu.

Akanigusa utosini, akajitwika beseni, akaenda zake.

Kunguru wakala dagaa watakavyo. Mkubwa wetu akanitazama, akauliza, "Na babu wa Ujiji hajambo?"

Wakacheka mpaka wakakaa chini, halafu wakataka niwafundishe zile pembe. Nikawafundisha.

Mpaka leo, yule mkubwa wetu, sasa ajuza mwenzangu, tukikutana sokoni, hanisalimii mimi kwanza. Anaanza na babu.