Kovu Langu la Chanjo ya Ndui

Nichekeni tu, maana hata mimi najicheka. Mwaka ule ndui ilipotusumbua, nilikuwa karani wa chanjo pale mpakani Malaba. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina na kuwatoa watu hofu. Nilihubiri vizuri sana, ingawa mimi mwenyewe sikuwa nimechanjwa, kwa sababu naogopa sindano kuliko simba.

Siku moja foleni ikagoma. Mama mmoja muuza samaki akaniambia, "Karani, tuonyeshe mkono wako kwanza."

Nikapandisha shati kwa madaha, nikawaonyesha kovu la begani. "Mnaona? Sikusikia hata uchungu!"

Watu wakapiga makofi. Nikavimba kichwa, nikaongeza kwamba daktari aliyenichanja alinisifu kwa ushujaa.

Ndipo shangazi yangu wa Butula, ambaye sikujua yumo kwenye foleni, akapaza sauti: "We Barasa! Hilo si kovu la uji uliokumwagikia ukiiba nyama jikoni kwangu? Ulilia mpaka jioni!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Daktari wetu, aliyekuwa akichanja watu kando yangu, akanigeukia, sindano mkononi. "Karani, keti hapa. Leo tunaanza na wewe."