Siku nilipomnyamazisha Osmunda mstarini

Wakuu, salaam kwenu wote.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na haya yalinitokea Songea. Sijaongeza chumvi. Kuna uongo mmoja tu humu ndani, nao nitautaja mwenyewe.

Miaka ya tisini mwanzoni, mitumba ndiyo imeanza kumwagika sokoni, nilipangiwa shule moja ya msingi Bombambili. Kijana kutoka Singida, najiona mwalimu kuliko walimu wote.

Katika darasa langu, la nne, alikuwepo binti anaitwa Osmunda. Kusoma kulimpa taabu sana. Lakini mapumziko ungemkuta nyuma ya madarasa, amezungukwa na watoto wa darasa la kwanza, anawapa stori kwa Kingoni. Fisi akilia, analia yeye. Mimi Kingoni sikijui, na bado nilikuwa nasimama dirishani kusikiliza.

Nilimpa alama yoyote kwa hilo? Wapi! Kwenye ripoti hakuna somo la namna hiyo.

Sasa ikaja siku ya kufunga shule, mwezi wa sita. Baridi ya Songea mnaijua. Wazazi wamekuja, watoto wako mstarini, mwalimu wa darasa anasoma majina kuanzia wa kwanza. Wa kwanza anapigiwa makofi. Wa mwisho anazomewa. Ndivyo ilivyokuwa, na sikuona ubaya.

Nilipofika mwisho nikataka kuchekesha. Nikasema, "Na aliyeshika mkia ni..." nikanyamaza, ili watoto wamalizie.

Wakamalizia shule nzima. Hata wale wadogo wa darasa la kwanza, wakicheka, waliliita kwa sauti jina la Osmunda kama walivyozoea wakitaka hadithi.

Osmunda hakulia. Alivuta mikono ya sweta ikafunika viganja, akatazama chini.

Shule ilipofunguliwa, wale wadogo walimfuata nyuma ya madarasa. Akatikisa kichwa. Kesho yake hivyo hivyo. Wakaacha kwenda.

Mama yake akanifuata. "Mwalimu, hata nyumbani hasimulii tena. Wadogo zake wanamwomba, ananyamaza tu. Mimi niliwaletea mtoto anayeongea."

Nikamjibu atazoea. Naandika hapa na aibu bado ninayo.

Alimaliza la saba. Sikumsikia tena akisimulia.

Miaka ikapita, nikawa mwalimu mkuu hapo hapo. Asubuhi moja akaingia ofisini mama mmoja na binti yake, anamwandikisha darasa la kwanza. "Shikamoo mwalimu." Alikuwa Osmunda. Yule mtoto alikuwa na maneno hayo! Kila kitu ofisini anauliza.

Osmunda aliniuliza swali moja tu. "Mwalimu, siku ya kufunga, bado mnasoma majina?"

Tulikuwa tunasoma. Nikamjibu, "Hatusomi."

Uongo wenyewe ndio huo.

Mwezi wa sita ulipofika, nilisimama mbele ya wazazi bila karatasi ya majina. Walimu wenzangu walininunia. Kila mzazi akapewa ripoti mkononi, akaambiwa pembeni mtoto wake anaweza nini na anahitaji msaada wapi.

Osmunda alisimama karibu na njia ya kutokea, amemshika mwanawe mkono kwa nguvu, tayari kuondoka. Nilipotangaza kwamba tumemaliza, ndipo akauachia.

Nilichojifunza: mtoto anaweza kuwa wa mwisho kwenye hesabu na bado akawa na kitu ambacho wewe mwalimu huna. Ukimzomea, anakifungia ndani, na huenda asikitoe tena.

Wakuu mliowahi kusomwa mwisho mstarini, tuambieni mlijisikiaje. Walimu wenzangu mliosoma, semeni pia. Majina ya watoto msiandike.