Maji ya Katikati ya Ziwa

Zilikuwa seli za figo ya kima. Zilisafirishwa kutoka Dar zikiwa zimegandishwa kwenye kichupa, nami nikazipokea uwanja wa ndege wa Kigoma kwa mikono miwili kama ninayepokea mkwe. Chuo chetu kidogo hakikuwahi kuwa na seli hai za mnyama. Mkuu wa idara alishaniambia wazi kwamba somo la kukuza seli likishindikana muhula huu, linafutwa.

Wanafunzi walifanya mazoezi kwa maji ya rangi mpaka wakanichukia. Niliwagombeza kutwa: usiongee juu ya chupa iliyo wazi, usipitishe mkono, nyunyiza spiriti. Aliyekuwa na mkono mtulivu kuliko wote ni binti wa Ilagala, mtoto wa wavuvi. Huyo nikamkabidhi inkubeta, kabati dogo linalozipa seli joto la mwili. Chini yake hukaa trei ya maji, hewa ya ndani isikauke.

Niliziyeyusha, nikazipanda kwenye chupa zenye chakula chao chekundu cha majimaji. Ijumaa nilizichungulia peke yangu. Zilikuwa zimeshika kwenye sakafu ya chupa, zimejinyoosha, nikafurahi kama mjinga. Darasa lingeziona Jumatatu.

Jumamosi binti akakuta trei imekauka, na maji safi ya maabara yamekwisha. Akanipigia, hakunipata; nilikuwa shambani Simbo, ambako mtandao ni wa kubahatisha. Akaogopa seli zitakufa. Akashuka ufukweni Bangwe kwa mjomba wake mvuvi, akaomba maji ya katikati ya ziwa. Huku kila mtu anajua: maji ya ufukweni huchemshwa, ya katikati hunywewa hivyohivyo, na ndiyo anayopewa mgeni wa heshima. Akajaza trei. Mengine yalirukia chupa, ambazo vifuniko vyake huachwa vimelegea ili seli zipumue. Akazifuta vizuri kwa kitambaa safi.

Jumatatu kile chakula chekundu cha seli kilikuwa kimegeuka manjano, kizito kama maji ya mchele. Kwenye hadubini bakteria walikuwa wakiogelea. Seli hazikuwepo tena. Hasira ilinipanda ikakosa pa kutua, maana ningemfokea nini? Alizikirimu kwa kilicho bora kwao.

"Mwalimu, maji yale kwetu tunampa hata mtoto mchanga," alisema.

Nikamweleza kwamba mtoto ana mwili mzima wa kumtetea, seli hizi hazina kitu. Alielewa papo hapo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mkuu wa idara alikuja, akatazama, akasema ratiba itabadilishwa. Sikubisha. Nimechoka kubishana, na sijui kama nitapata tena nguvu hizo.

Tukamimina klorini kwenye chupa, darasa zima likitazama. Kisha binti akauliza, kwa sauti ya chini, zilikuwaje zilipokuwa hai.

Nikachukua chaki, nikawachorea, kama nilivyowachorea wote waliowatangulia.