Kuni Zenye Zililowa

Leo mama mumoja amekataa kuni zangu sababu iko kavu. Kavu, jamani!

Mvua ya usiku ililowesha karibu zote. Kila muteja hapa soko ya Tshopo aligonga kuni mbili pamoja, akasikia sauti nzito, akanitukana, akaenda. Bon.

Alafu akafika bibi ya muvuvi wa Wagenia, kule kwa maporomoko ya muto, mukali kuliko wote. Haraka nikamupa fungu moja kavu yenye nilificha.

Akagonga. Ikalia ko! Akakunja uso.

"Papa, unataka niunguze samaki? Kukausha samaki inaomba moshi, hapana moto!"

Akabeba zote zenye zililowa.

Ninyi mungecheka ao mungelia? Mimi nilihesabu feza yake.

Sasa mawingu inarudi juu ya muto. Sifuniki kitu.