Namba ya Chumba Kingine

Saa tatu asubuhi, Mama Joto amekaa mbele ya skrini pana katika chumba cha mitambo cha hospitali. Skrini inaonyesha ramani ya jengo zima: vyumba arobaini na vitatu, kila kimoja na joto lake. Wodi ya watoto njiti inasoma nyuzi ishirini na saba, kwa rangi ya kijani.

Mlango unafunguliwa. Sista mkuu wa wodi hiyo anaingia, vifungo vya sweta vimefungwa mpaka shingoni.

"Mama Joto, tangu jana nimekupigia mara mbili. Wanangu wanapoa."

"Na mara mbili nimekujibu, Sista. Ishirini na saba."

"Basi njoo ulale nao, nikuvalishe nepi."

Sista anatoa mfukoni kipimajoto cha zamani cha ukutani. Wanapanda ngazi hadi wodini. Ndani ya wodi, kipimajoto kinasoma ishirini na moja.

Mama Joto anainua mkono chini ya tundu la hewa, anaushusha, anauinua tena.

Katika jengo hili kila chumba kina kisanduku kinachoamuru hewa, na kila kisanduku kina anwani yake, namba inayokitambulisha kwenye mtandao. Mama Joto, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ndiye anayepanga anwani hizo na kuchora kurasa za skrini. Mama yake mzazi huwaambia majirani kwamba binti yake anauza upepo.

Kabla ya kazi hii alikuwa mpokeaji simu katika ofisi moja kubwa, akiwaunganisha watu kwa waya na vitufe. "Miaka kumi na moja," anasema, "sikuwahi kumuunganisha mtu na chumba kisicho chake."

Anashuka mbio. Kwenye ukurasa wa wodi anaandika thelathini. Hazipiti dakika kumi, simu inalia. Ni katibu muhtasi, kutoka chumba cha mikutano cha ghorofa ya tano.

"Fundi, mnatuchemsha huku. Mkurugenzi ameshavua koti, sasa anafungua tai."

Mama Joto anaweka simu chini, anafungua kurasa za vyumba vyote viwili: anwani ni ile ile. Ukurasa wa chumba cha mikutano ndio aliouchora kwanza. Ulimpendeza, akaunakili kwa ajili ya wodi, akabadilisha jina la juu. Anwani iliyo chini yake hakuigusa.

Kwa hiyo tangu juzi mfumo ulipowashwa, wodi haikupokea amri yoyote. Ilibaki kwenye ishirini na moja, kiwango ambacho kisanduku hujipangia chenyewe.

"Watoto walikuwa wanapoa, mimi nikamsomea Sista joto la viti vya mkutano," anasema.

Kurekebisha anwani kunachukua dakika nne. Mtoto mmoja, wa siku kumi na mbili, joto la mwili wake lilikuwa limeshuka hadi nyuzi thelathini na tano. Wauguzi walikuwa wameshamlaza kifuani kwa mama yake. Kufikia saa nane mchana amepata joto na ananyonya.

Msimamizi wa Mama Joto anamshauri aandike kwamba ni hitilafu ya mtambo. "Mtambo hauna mdomo, mama. Hautakubishia."

Mama Joto anaandika: "Anwani niliikosea mimi. Simu mbili nilizipuuza mimi. Vipimajoto vya ukutani niliagiza viondolewe mimi, nikaviita takataka." Kipimajoto cha Sista kilipona kwa sababu alikificha chini ya mashuka.

Ijumaa ataambiwa kama anabaki kazini. "Nibaki au nifukuzwe, nataka iwe sheria," anasema. "Ukurasa usipokelewe mpaka mtu mmoja asimame chumbani na kipimajoto, mwingine akae kwenye skrini, wasomeane. Na vipimajoto virudi, vyumba vyote."

Saa kumi jioni anarudi wodini. Msumari wa zamani bado upo ukutani.

"Kitundike mwenyewe," anasema Sista. "Wewe ndiye uliyekitoa."

Anakitundika. Wanasubiri. Kinapanda taratibu hadi ishirini na saba.

Sista ananyanyua simu, anapiga chumba cha mitambo, alikobaki msimamizi. "Huko chini skrini inasomaje?"

Anasikiliza. Anarudisha simu mahali pake, kisha anafungua kifungo cha juu cha sweta.