Baruapepe Kutoka Kotile

Naandika haya uso ukiwa bado unaniwaka kwa aibu. Wiki iliyopita mkuu wangu alinikabidhi kompyuta ya kubeba na simu ya setilaiti, akaniahidi kazi ya kudumu nikifaulu kutuma baruapepe kutoka Kotile, kijiji kisicho na umeme wala mtandao.

Mitambo hiyo nilijifundisha mwenyewe, na mimi si mtu wa kubahatisha. Kwenye kibanda cha mama muuza chai nilivuta umeme kwa nyaya kutoka betri ya gari letu, nikaelekeza antena angani. Ujumbe wa majaribio ukafika Nairobi! Wachungaji wa mifugo waliokusanyika kutazama wakapiga makofi. Nikatuma wa pili, wa tatu, wa nne, asubuhi nzima, nipate hakika.

"Sasa waambie tunaondoka, ndege itungoje Garissa," mkuu akasema.

Nikaandika kwa madaha: "Tumeshaondoka." Ukaenda papo hapo!

Mkuu akapanda gari, akazungusha ufunguo. Tk. Akazungusha tena. Tk. Akashuka, macho yake yakafuata nyaya kutoka kwenye boneti hadi mezani kwangu.

Mama wa chai akanisogelea.

"Walaal, ndugu yangu," aliniuliza kwa huruma, "hiyo mashine yako imekunywa gari yote?"